Strimu elfu mia, feza iko wapi? Mwongozo wa mirabaha kwa mwanamuziki wa Lubumbashi

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi katika studio yetu hapa Katuba halihusu maikrofoni wala biti. Ni hili ("yaya" kwetu ni ndugu mkubwa): "Yaya, wimbo imefika strimu elfu mia, feza iko wapi?" Anayeuliza huwa ameshika simu, namba ya strimu, yaani mara ambazo wimbo wake umesikilizwa mtandaoni, inang'aa kwenye kioo, na sauti yake ni ya mtu anayeamini ameibiwa. Kuna siku nimegundua kweli pesa yake ilipotelea njiani. Siku nyingine nyingi hakuna aliyeiba. Hesabu ndiyo inavyokwenda, na hakuna aliyekaa naye chini kumweleza kabla wimbo haujapandishwa.

Mimi ni fundi wa kurekodi. Kwa miaka kadhaa ndiye ninayepandisha nyimbo za vijana wa studio yetu na kutunza daftari la mapato yao, kwa hiyo ninayoandika yametoka kwenye daftari hilo na kwenye kanuni ambazo majukwaa ya muziki mtandaoni, kama Spotify na YouTube, yametangaza yenyewe. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukikimbilia ya nne kabla ya kumaliza ya pili, hesabu utaielewa lakini utagombana na wenzako.

Hatua ya 1: Tenganisha utunzi na rekodi

Wimbo mmoja unaousikia kwenye simu umebeba haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na mahadhi. Ya pili ni ya rekodi, ile tunayoiita masta, yaani sauti iliyonaswa siku ile studioni. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke kule Jadotville, mji tunaouita Likasi leo. Kuanzia dakika ile vitu viwili vilikuwepo duniani: utunzi uliotoka kwenye vidole na kichwa cha Mwenda, na rekodi iliyonaswa kwa mashine ya mgeni. Mtu mwingine angeweza kuupiga wimbo uleule kwa gitaa lake, na hiyo ingekuwa rekodi nyingine ya utunzi uleule.

Majukwaa ya muziki hulipa haki zote mbili, ila kwa njia tofauti. Pesa ya rekodi hutoka kwenye jukwaa, hupita kwa msambazaji wako, yaani kampuni inayoufikisha wimbo wako kwenye majukwaa, kisha hukufikia wewe. Pesa ya utunzi hupita kwenye vyama vya watunzi na wachapishaji wa muziki. Fungu la rekodi ni kubwa zaidi kwa mbali, na ndiyo maana vijana wengi hulijua hilo tu. Msambazaji wa kawaida hukuletea fungu la rekodi peke yake. La utunzi linabaki linakungoja mahali ambapo hujawahi kubisha hodi. Nitalirudia kwenye hatua ya 8.

Hatua ya 2: Andika mgawo usiku uleule

Hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu nimeona urafiki wa miaka kumi ukivunjika kwa ajili ya karatasi moja ambayo haikuandikwa.

Tulikuwa watu wanne. Mmoja alileta kiitikio, mmoja alipiga gitaa, mmoja aliimba beti zote, nami nilirekodi na kuchanganya sauti. Tulimaliza saa nane za usiku, umeme ukiwa umekatika mara mbili, tukacheka, tukapeana mikono, kila mtu akarudi kwake. Hakuna aliyetaja pesa, kwa sababu pesa haikuwepo. Miezi saba baadaye wimbo ule ukashika kwenye harusi, kuanzia mtaa wetu wa Kenya hadi Ruashi, hapahapa Lubumbashi, na mpiga gitaa akaja na swali la haki kabisa: fungu langu ni lipi? Mwimbaji alikumbuka jambo moja, mwenye kiitikio akakumbuka lingine, nami nikakumbuka la tatu. Hakuna aliyekuwa mwongo. Kila mmoja alikuwa amejipa moyoni mwake kiasi alichoona kinamstahili, na tukijumlisha vile viasi vyetu tulizidi asilimia mia. Mpiga gitaa yule hajarudi studioni mpaka leo, na sijapata mwingine mwenye mkono kama wake.

Tangu wakati huo hatufungi kompyuta kabla karatasi haijasainiwa. Ukurasa mmoja unatosha. Juu andika jina la wimbo, jinsi litakavyoandikwa herufi kwa herufi, na tarehe. Chini yake kila mtu aandike jina lake kama lilivyo kwenye kadi ya mpiga kura, jina lake la sanaa na namba ya simu. Kisha safu mbili: asilimia ya masta na asilimia ya utunzi. Usizichanganye. Mpiga gitaa aliyelipwa kazi yake taslimu anaweza asiwe na kitu kwenye masta, lakini kama melodia ya gitaa ndiyo inayoubeba wimbo, mpeni sehemu ya utunzi. Kila safu lazima ifike 100, isizidi wala isipungue. Saini zote ziwekwe, karatasi ipigwe picha, picha itumwe kwa wote papo hapo.

Msipokubaliana usiku ule, wimbo usitoke. Nasema hivyo nikijua uchungu wa kukaa na wimbo mzuri kwenye diski. Kubishana juu ya sifuri ni kugumu, lakini kubishana juu ya dola mia tatu ambazo mmoja wenu ameshazila ni kugumu zaidi.

Karatasi hiyo iwe na mstari mmoja zaidi: biti imetoka wapi? Vijana wengi hupakua biti kutoka YouTube, au hununua leseni ya bei nafuu kwa prodyuza aliye ng'ambo. Soma leseni hiyo. Nyingi za bei nafuu zina kikomo cha strimu: ukipita idadi fulani unatakiwa kununua leseni ya juu. Maana yake, siku wimbo wako unapoanza kukua ndiyo siku unapovunja mkataba bila kujua. Na biti iliyouzwa kwa watu wengi haikupi ruhusa ya kuusajili wimbo kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, kwa sababu sauti hiyohiyo iko kwenye nyimbo za wengine ishirini. Kama una uwezo, mlipe prodyuza wa hapahapa, mwandikie fungu lake, na biti iwe yenu peke yenu.

Hatua ya 3: Chagua msambazaji na tunza namba zako

Spotify na Apple Music hawapokei wimbo moja kwa moja kutoka kwako. Unahitaji msambazaji: DistroKid, TuneCore, CD Baby na wengine wa aina hiyo. Tofauti yao kubwa iko kwenye malipo. Wengine hutoza ada ya kila mwaka na kukuachia mapato yote au karibu yote. Wengine, kama CD Baby, hutoza mara moja kwa kila toleo na kubaki na asilimia 9 ya mapato ya kidijitali. Ukiwa na nyimbo nyingi unazotoa kila mwezi, ada ya mwaka ina faida. Ukiwa na albamu moja unayotaka ikae miaka ishirini, fikiria malipo ya mara moja.

Tulijifunza hilo kwa maumivu. Tulikuwa na msambazaji wa ada ya mwaka, kadi ya benki tuliyotumia ikaisha muda, barua pepe ya onyo ikaingia kwenye sanduku ambalo hakuna aliyelifungua, na nyimbo kumi na moja zikatoweka kwenye majukwaa yote kwa wiki tano. Weka tarehe ya ada kwenye simu za watu wawili, si mmoja.

Kilichotuokoa ni namba. Kila rekodi hupewa msimbo wa ISRC, herufi na tarakimu 12, ambao ndio kitambulisho chake duniani. Toleo zima, liwe la wimbo mmoja au albamu, hupewa namba ya UPC. Tulipopandisha upya kwa msambazaji mwingine tulitumia ISRC zilezile, na hesabu za zamani zikarudi chini ya nyimbo zake. Tungeweka mpya tungeanza sifuri. Andika ISRC kwenye karatasi ya mgawo, karibu na saini.

Jina nalo lisibadilikebadilike. Sisi wa huku tuna desturi ya kuandika jina moja kwa namna tatu, na mashine haijui kwamba zote ni mtu mmoja. Strimu zikigawanyika kwenye kurasa tatu za msanii, kila ukurasa unaonekana maskini.

Hatua ya 4: Ielewe sufuria

Sasa turudi kwa yule mwenye strimu elfu mia. Kosa lake ni kuamini kwamba strimu ina bei, kama mkate. Haina. Jukwaa halijaahidi senti yoyote kwa kila unaposikilizwa. Linachofanya ni kukusanya mapato ya mwezi, kubaki na fungu lake, na kumimina yaliyobaki kwenye sufuria moja. Sufuria hiyo hugawanywa kwa kufuata sehemu ya kila mtu katika strimu zote za mwezi huo. Spotify hueleza kwamba karibu theluthi mbili ya mapato yake ya muziki huenda kwa wenye haki. Strimu huhesabiwa msikilizaji akivuka sekunde 30.

Ifikirie sufuria ya bukari, yaani ugali, nyumbani. Unga ni ule aliosonga mama. Wageni wakiongezeka na unga haukuongezeka, tonge linapungua, hata kama wewe leo umekaa karibu na sufuria kuliko jana.

Nitatumia namba za mfano tu, ili uone jambo lenyewe. Tuseme nchi moja ina wasikilizaji 1,000 wanaolipa dola 3 kwa mwezi. Hizo ni dola 3,000. Theluthi mbili yake ni dola 2,000, ndiyo sufuria. Mwezi wa kwanza watu wote wamesikiliza nyimbo mara 500,000, na wewe umepata strimu 5,000. Hiyo ni asilimia 1, kwa hiyo fungu lako ni dola 20. Ukigawanya, kila strimu imekuletea dola 0.004.

Mwezi wa pili wanaolipa ni walewale 1,000, sufuria ni ileile ya dola 2,000. Lakini watu wamekuwa wakisikiliza mchana na usiku, jumla imefika 1,000,000. Wewe umepanda hadi 8,000. Unafurahi, unaweka picha ya namba hiyo WhatsApp. Sehemu yako sasa ni asilimia 0.8, yaani dola 16. Umesikilizwa mara 3,000 zaidi na umepata dola 4 pungufu. Hakuna aliyekuibia.

Mwezi wa tatu wanaolipa wamefika 1,500. Mapato ni dola 4,500, sufuria ni dola 3,000. Jumla ya strimu ni 1,200,000 nawe una 12,000: asilimia 1 tena, dola 30. Strimu yako imekuletea dola 0.0025, chini ya mwezi wa kwanza, lakini mfukoni una zaidi. Kwa hiyo ukitaka kujua hali yako, acha kuangalia thamani ya strimu moja. Angalia kama wanaolipa wanaongezeka, na kama sehemu yako inakua kwa kasi kuliko ya wengine.

Kwa kweli sufuria si moja. Kila nchi ina yake, na ndani ya nchi, wanaolipa wana sufuria yao na wanaosikiliza bure kwa matangazo wana yao, ndogo zaidi. Apple Music ilifika Kongo mwaka 2020, Spotify ikafuata mwishoni mwa 2021. Msikilizaji wa Kampemba, hapa mjini, anayesikiliza bure, matangazo yakiwa machache kwa sababu kampuni chache hutangaza hapa, hukuletea kidogo sana. Shangazi yako aliye Brussels anayelipa kila mwezi hukuletea mara kadhaa ya hapo kwa wimbo uleule. Apple Music haina upande wa bure, na mwaka 2021 iliwaandikia wasanii kwamba wastani wake ni kama senti moja ya dola kwa kila mara wimbo unapochezwa. Ni wastani wa dunia, si ahadi kwako. Hiyo ndiyo sababu wasanii wawili wenye strimu elfu mia kila mmoja wanaweza kulipwa viwango visivyofanana hata kidogo. Muulize mwenye swali la elfu mia: elfu mia za wapi, na za nani?

Kuna kizingiti pia. Tangu mwanzo wa 2024, Spotify hailipi pesa ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha strimu 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Kiasi hicho huenda kwa nyimbo zilizovuka. Naona kanuni hii inawaumiza wanaoanza, na sitaficha hilo. Lakini ipo, kwa hiyo ipangie. Badala ya kutoa nyimbo kumi kwa mwezi mmoja, kila moja ikipata strimu 300, toa mbili na uzisukume zote zivuke.

Si kila mahali sufuria hugawanywa hivi. SoundCloud ilianza mwaka 2021 kugawa pesa ya kila msikilizaji kwa wale tu aliowasikiliza yeye, kwa wasanii waliojiunga na mpango huo. Kwa msanii mwenye mashabiki mia mbili waaminifu naona ndiyo njia ya haki zaidi: pesa ya shabiki wako haiendi kumlipa nyota asiyemjua. Deezer nayo mwaka 2023 ilianza kuzipa uzito maradufu strimu za wasanii wanaofikisha strimu 1,000 kwa mwezi kutoka kwa wasikilizaji wasiopungua 500.

Hatua ya 5: Usiidharau YouTube

Hapa kwetu mtu akisema "nimeusikia wimbo wako" mara nyingi ameusikia YouTube, au ameununua kwa franga chache kwa wale vijana wa kompyuta wanaojaza nyimbo kwenye kadi za simu sokoni. Wa kadi hawakulipi chochote. Siwachukii, maana ndio wanaokupeleka kwenye kila taksi. Ila usizichanganye hesabu: kujulikana mjini na kulipwa ni vitu viwili.

YouTube hukulipa kwa milango zaidi ya mmoja. Chaneli yako ikifikisha wafuasi 1,000, pamoja na ama saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12 au video fupi kutazamwa mara milioni 10 katika siku 90, unaweza kuomba kugawana matangazo, mradi YouTube inaruhusu hilo katika nchi ya akaunti yako. Kwenye video ndefu fungu lako ni asilimia 55, kwenye video fupi ni 45. Mlango mwingine ni Content ID, mfumo unaotambua sauti yako ndani ya video za watu wengine. Video ya harusi iliyowekewa wimbo wako ikipata matangazo, pesa inakuja kwako kupitia msambazaji. Wengi hawawashi huduma hiyo kwa sababu msambazaji huitoza pembeni. Ikiwa masta ni yako kabisa na biti ni yenu peke yenu, iwashe. Ikiwa biti ni ya kupakua, usiiguse; utaanza kudai pesa za wasanii wenzako na utafungiwa.

Hatua ya 6: Kuza usikilizaji kwa watu wa kweli

Mdogo wangu mmoja wa studio alilipa dola 40 kwa mtu aliyemwahidi kumweka kwenye plelisti, yaani orodha ya nyimbo, yenye wafuasi wengi. Namba zilipanda kwa siku tisa kama maji ya mvua. Siku ya kumi wimbo ukaondolewa, na pesa ya mwezi mzima, hata ile halali, ikazuiwa. Zilikuwa mashine zikisikiliza. Alikuwa amekopa zile dola 40 kwa mama yake anayeuza makala, yaani mkaa, na mimi bado najilaumu kwa kutomwonya mapema.

Tangu 2024 Spotify huwatoza wasambazaji kwa kila wimbo unaobainika kusikilizwa kwa udanganyifu uliokithiri, na wasambazaji huisukuma faini hiyo kwako. Kinga yake ni kufungua Spotify for Artists na Apple Music for Artists, kurasa zinazomwonyesha msanii takwimu zake, kila wiki na kuangalia miji ya wasikilizaji. Ukiona wasikilizaji wako ghafla wamejaa mji ambao huna ndugu wala shabiki, na kila mmoja amesikiliza mara moja tu bila kuhifadhi wimbo, mwandikie msambazaji wewe kwanza, kabla hawajakuandikia.

Pesa ambayo ungempa muuza plelisti ipeleke penye watu. Sisi tunaimba kwa lugha inayosikika Nairobi, Dar es Salaam na Kigoma, na mashabiki wetu wengine wako Kitwe na Ndola, ng'ambo ya Kasumbalesa. Mwimbaji Innoss'B, mtoto wa Goma, mwaka 2019 alishirikiana na Diamond Platnumz, na jina lake likavuka ziwa na mpaka. Wewe hutampata Diamond kesho. Lakini msanii wa Kigoma mwenye ukubwa kama wako unaweza kumpata kwa ujumbe mmoja, na wasikilizaji wake wataingia kwenye sufuria nyingine mbali na ya hapa. Mgawo wake uandikwe, kama nilivyosema.

Utakutana na mpango wa Spotify uitwao Discovery Mode. Haudai pesa mbele. Wimbo wako hupendekezwa zaidi, na wao hukata asilimia 30 ya mapato ya rekodi kwa strimu zilizotokana na mapendekezo hayo. Kwa wimbo wa zamani uliolala, jaribu. Kwa wimbo unaopanda wenyewe, sioni sababu ya kuwapa karibu theluthi.

Na libanga, yaani kumtaja mtu ndani ya wimbo kwa malipo? Jina la mfanyabiashara ukilitaja ndani ya wimbo, hulipa mara moja na taslimu. Libanga moja limewahi kutuletea zaidi ya strimu za mwaka mzima. Lichukue, sioni aibu ndani yake, ila kubalianeni kwanza kama pesa hiyo inaingia kwenye mgawo au ni ya mwimbaji.

Hatua ya 7: Safisha njia ya pesa

Kabla ya kulipa ada ya msambazaji yeyote, muulize jambo moja kwa maandishi: pesa nitaitoaje nikiwa Kongo? Njia ya kutoa iliyopo Ufaransa inaweza isiwepo hapa. Uliza kiwango cha chini cha kutoa, ada ya kila muamala, na kama jina la akaunti lazima lifanane na la kitambulisho. Tumewahi kuwa na dola 61 zilizoonekana kwenye kioo mwaka mzima bila njia ya kuzifikisha mikononi.

Kisha jaza fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, ambayo wasambazaji wengi na YouTube hukuomba. Kongo haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo asilimia 30 hukatwa kwenye mapato yaliyotokana na wasikilizaji walio Marekani tu. Usipoijaza, YouTube inaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako ya dunia nzima. Dakika ishirini za kujaza zinaweza kuokoa karibu robo ya pesa yako. Fomu hiyo hudumu mpaka mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule ulioisaini, iandikie tarehe.

Hatua ya 8: Dai fungu la utunzi

Sheria yetu ya haki za watunzi ni ya tarehe 5 Aprili 1986, na chama kinachokusanya nchini ni SOCODA, kilichoundwa 2011 kuchukua nafasi ya SONECA. Watunzi kadhaa wa Kongo wamejiunga na vyama vya nje, SACEM ya Ufaransa au SABAM ya Ubelgiji. Chagua kimoja, jisajili, kisha sajili kila wimbo kwa asilimia zilezile za safu ya utunzi kwenye karatasi yako. Asilimia zikipingana kati ya watunzi wawili, pesa husimamishwa.

Kama una wasikilizaji Marekani, jua ofisi mbili. The MLC, iliyoanza kazi 2021, hukusanya fungu la watunzi kwenye strimu za huko, na kujiunga ni bure. SoundExchange hukusanya za redio za kidijitali: asilimia 50 kwa mwenye masta, 45 kwa msanii mkuu, 5 kwa wapigaji na waitikiaji. Pesa hizi hazipiti kwa msambazaji wako wa kawaida. Usipojiandikisha, hakuna atakayekutafuta Katuba.

Hatua ya 9: Soma taarifa ya mapato, kisha gawa

Taarifa huchelewa miezi miwili au mitatu, kwa hiyo harusi za Desemba utaziona Machi. Pakua faili lote, usitosheke na jumla ya juu. Angalia safu tano: mwezi wa kusikilizwa, jukwaa, nchi, idadi, na dola baada ya makato. Gawanya dola kwa idadi, nchi kwa nchi. Ukifanya hivyo mara mbili tu utaacha kuuliza strimu moja ni bei gani, na utaanza kuuliza kwa nini Ubelgiji imeshuka.

Sisi hugawa kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi mchana, wote tukiwepo. Tunaanza kwa kurudisha gharama tulizokubaliana: ada ya msambazaji, picha ya jalada, mega za intaneti za kupandisha nyimbo. Kinachobaki kinafuata karatasi. Mara ya mwisho kilikuwa dola 47 na senti 20 kwa watu watatu, na kila mmoja alisaini mbele ya fungu lake. Fungu dogo kuliko ada ya kulituma linaandikwa kwenye daftari kama deni la studio na kuongezwa robo inayofuata. Fungu la yule mpiga gitaa bado limo humo, linaongezeka kila robo, na namba yake ya simu iko pembeni.